Sauti Iliyopita Sakafuni

Msagaji wa nafaka katika jengo refu lililo nyuma ya ofisi ya maji hakagui mashine yake kwa macho. Huisikiliza. Anaweza kuwa amegeuza mgongo, anamfungia mteja mdomo wa mfuko, akasema tu, "Kuna msumari umeingia," na kweli mashine ikizimwa na kinu kikifunguliwa, msumari unakutwa humo umepinda kama ndoana. Ndiyo maana wateja wakamwita Bi Mashine, na jina limemganda hivi kwamba hata mume wake hulitumia anapomuulizia kwa watu.

Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na sita, alipoacha shule kidato cha pili akaenda kumsaidia mjomba wake. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata kama angekuwa nayo, kwenye chumba cha mashine nani angeyasikia? Alifundisha kwa mikono. Kidole kimoja juu: punguza nafaka. Kiganja kimelala: subiri. Ngumi: zima haraka. Mambo mawili tu aliyasema kwa mdomo, na aliyasema mashine ikiwa imezimwa ili yasipotee.

La kwanza, kwamba beringi husikilizwa kwa kijiti. Alimchongea mpwa wake kipande cha mti mgumu, urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Ncha moja unaigusisha kwenye chuma kinachoshika beringi, nyingine unaikandamiza kwenye kifupa kilicho mbele ya sikio, nawe unasikia gololi zinavyozunguka ndani, kama zinahitaji grisi au zimeanza kulika. La pili, kwamba mashine hukazwa. "Mashine isiyokazwa huhama," alisema, "na ikihama yenyewe, na wewe utahama."

Bi Mashine alilishika hili la pili kama sala. Alipopata mashine yake, miaka kumi na tisa iliyopita, aliichimbia miguu, akaimwagia zege lililoungana na sakafu ya jengo zima, akafunga boliti nane nene kama vidole gumba. Kila Jumatatu kabla ya kuwasha, alizipitia zote kwa spana. Hakuna boliti iliyowahi kulegea.

Shida ilianza mwaka jana, upepo ulipoezua paa la madarasa mawili ya shule ya jirani. Wakati wa matengenezo, darasa la saba lilihamishiwa chumba cha pili cha jengo hilohilo, kilichokuwa stoo ya saruji. Kati ya chumba hicho na cha Bi Mashine kuna ukuta mmoja wa matofali. Wanafunzi walikuwa thelathini na wanane. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, na baada ya wiki mbili za kushindana na mashine, hata ule upole ulimwishia ukabaki mkwaruzo. Wanafunzi wakampa jina: Redio Betri.

Jumatatu moja asubuhi Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni kwa Bi Mashine, akifuatana na mwenye jengo. Mwalimu Mkuu ni mama wa makamo, mnyoofu, asiyependa kuzunguka mbuyu.

"Mama, hatuna ugomvi na wewe," alisema mashine ilipozimwa. "Lakini watoto wana mtihani mwisho wa mwaka. Leo nimekaa dawati la nyuma kabisa, mwalimu akasoma sentensi kumi kwa sauti yake ya kawaida, nami nikaandika nilizosikia. Nimepata tatu."

"Tatu?"

"Tatu. Na moja kati ya hizo nilibahatisha. Ijumaa saa nne nitakaa tena palepale."

"Ukipata ngapi ndiyo nibaki?"

Mwalimu Mkuu hakuwa amelitegemea swali hilo. Akamtazama mwenye jengo, kisha akasema, "Nane. Na mashine iwe inasaga, si imezimwa kwa ujanja."

Mwenye jengo akaongeza, akiyatazama mabati badala ya kumtazama mpangaji wake, kwamba shule imechukua chumba kwa miaka miwili. Isipofika nane, mwisho wa mwezi chumba cha mashine kitarudi mikononi mwake.

Hapo maji yalimfika Bi Mashine shingoni. Chumba kingine chenye umeme wa kuweza kuzungusha mota ile kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wateja wake huja na ndoo kichwani. Hakuna hata mmoja ambaye angevuka magari na ndoo kichwani kumfuata, na yeye hakuwalaumu.

Wa kwanza kutoa dawa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayebeba magunia hapo na kusema kwa niaba ya watu wote wanaonyamaza.

"Shemeji, kelele dawa yake trei za mayai. Studio zote zinabandikwa trei za mayai."

"Umeingia studio gani wewe?"

"Nimepita nje."

Jioni ile walikusanya trei mia moja na arobaini na kuzigandisha ukutani kwa gundi ya unga, kuanzia chini hadi walipofika kwa ngazi. Asubuhi ya Jumanne mteja wa kwanza alisimama mlangoni, akashusha ndoo yake, akatazama.

"Bi Mashine, siku hizi unasaga au unafuga kuku?"

"Saga kwanza, mayai utaletewa nyumbani," akajibu shemeji.

Lakini darasani hakukuwa na nafuu. Basi Bi Mashine akafanya kile ambacho mkono wake ulijua kufanya: akachukua spana, akaitia bomba refu mpini uongezeke nguvu, akazikaza boliti zote nane hadi jasho likamdondoka kwenye zege.

Saa sita Mwalimu wa Sayansi alikuja. Alisubiri mashine izimwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Enhe, leo kuna afadhali?"

"Leo imezidi." Alikuwa ananong'ona, sauti haikuwepo. "Dawati langu linacheza. Chaki inatembea yenyewe mpaka inaanguka."

"Imezidi vipi, na mimi nimeikaza nusura nivunje spana?"

"Shemeji," akasema yule wa magunia, "labda imekasirika."

Bi Mashine hakucheka. Aliwasha tena, kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja, na kwa mazoea akachukua kijiti, akakigusisha kwenye beringi, akaweka sikio. Mwalimu alimtazama kwa mshangao. Akaashiria kwa mkono: na mimi. Akapewa. Alikishika vibaya, akaelekezwa, akakikandamiza kwenye kile kifupa mbele ya sikio. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mashine ilipozimwa tena, kile kinong'ono chake kilijaa furaha.

"Mama, wiki nzima natafuta namna ya kuwafundisha watoto hili, kumbe linakaa hapa ukutani limetundikwa kwenye msumari! Unajua kwa nini unasikia?"

"Kwa sababu nina masikio."

"Hata shemeji yako ana masikio."

"Hayo si masikio, ni mapambo."

Mwalimu akaeleza, na alieleza vizuri kwa sababu hakuwa na sauti ya kupoteza. Sauti, alisema, ni kitu kutetemeka. Gololi zinatetemesha chuma, chuma kinatetemesha kijiti, kijiti kinatetemesha mfupa wa kichwa. Mtetemo haupiti patupu. Lazima ushikwe na kitu kimoja na kupokezwa kwa kingine, kama watu wanaopitishiana matofali kwenye mstari. Hewa nayo hupokezana, ila chembe zake zimekaa mbalimbali, na mtetemo unasambaa pande zote na kufifia. Ndani ya mti au chuma chembe zimeshikana. Mtetemo unapita haraka na unafika ukiwa haujachoka. Hewani sauti huenda kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Ndani ya chuma huzidi elfu tano.

"Na ndani ya zege?" akauliza Bi Mashine.

"Zaidi ya elfu tatu, hivi."

 Bi Mashine akamwambia shemeji yake awashe, akachukua kijiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akakielekeza mahali pasipo na beringi. Aliweka ncha ukutani, kati ya trei mbili za mayai, akasikiliza. Akapeleka chini, kwenye sakafu, akapiga goti moja. Aliinua uso na kusema neno ambalo hakuna aliyelisikia kwa sababu ya mashine, kwa hiyo akatoka nje na kulirudia.

"Imo humu. Ukutani ipo kidogo. Sakafuni ipo yote, na mkanda wake, na kila kitu."

Waliingia darasani. Wanafunzi walisimama wote kwa pamoja, viti vikakwaruza, na Bi Mashine, ambaye hakuwa ameingia darasani tangu kidato cha pili, kwa aibu kidogo aliwaambia wakae. Alipiga goti kati ya madawati na kusikiliza sakafu kwa kijiti chake. Alisogea hatua tano, akasikiliza tena. Hata mwisho wa chumba ilikuwapo.

"Mama anasikiliza nini?" msichana wa dawati la mbele akauliza.

"Nasikiliza jinsi ninavyowasumbua."

Mwalimu akaona hapo pana somo asilopaswa kuliacha lipite. Aliomba sinia mbili na unga kiganja kimoja. Sinia moja ikawekwa sakafuni, nyingine ikatundikwa kwa kamba za katani kutoka kwenye boriti ya paa, na juu ya kila moja ukanyunyizwa unga mwembamba kama vumbi la chaki. Mashine ilikuwa inanguruma upande wa pili. Unga wa sinia ya sakafuni ulianza kusogea, ukajikusanya vilima vidogo, vilima vikawa vinarukaruka kama chawa kwenye kichana. Unga wa sinia ya juu ulitikisika kwa shida, tena pale tu mtu alipopita karibu.

"Zote mbili ziko chumba kimoja," akasema mwalimu kwa ule mkwaruzo wake, na darasa zima liliegemea mbele kumsikia. "Hewa ni moja. Tofauti yake nini?"

"Ya chini imegusa sakafu," wakasema karibu wote.

"Kwa hiyo sauti inapita wapi zaidi?"

Jibu lilitikisa mabati. Bi Mashine alisimama akiwa na mikono kiunoni, anautazama unga wake mwenyewe ukimshtaki.

"Na trei zangu za mayai?" akauliza.

"Studio wanataka sauti isirudi kutoka ukutani," akajibu mwalimu. "Wewe unataka isipite. Hizo ni kazi mbili. Tena ukuta wako hauna kosa kubwa. Kosa ni kwamba umeifunga mashine kwenye sakafu hii tunayokalia. Kila ulipokaza, uliiunganisha vizuri zaidi na miguu yetu."

Hili lilikuwa gumu kumeza. Kulegeza mashine, kwake, kulikuwa sawa na kumwambia mpishi atupe moto nje. Jioni ile alibishana na shemeji yake mpaka mume wake, mtu mkimya, akahamia uani na kiti chake.

"Mjomba alisema isiyokazwa itahama," alisema Bi Mashine.

"Na iliyokazwa, shemeji, inakuhamisha wewe. Chagua."

"Nikiweka kwenye mpira itacheza. Mota itaenda huku, kinu kule, mkanda utatoka na kumpiga mtu."

"Basi wafunge pamoja."

"Nani?"

"Mota na kinu. Wakicheza, wacheze wote. Kama mke na mume."

Shemeji alisema hivyo kwa mzaha, lakini Bi Mashine alinyanyuka, akachukua kipande cha karatasi na kuchora fremu moja ya chuma yenye kubeba mota na kinu kwa pamoja, ili umbali kati yao usibadilike na mkanda ubaki umevutika. Chini ya fremu, mpira.

Jumatano nzima fundi wa kuchomelea alitengeneza fremu kwa vyuma vya pembe. Alhamisi mashine haikusaga. Bango la kadibodi mlangoni lilisema, "Leo tunafunzwa," maneno ya shemeji. Walivunja zege la miguu kwa nyundo na patasi, vumbi likazigeuza nyusi zao kuwa nyeupe. Walikata matairi mawili chakavu ya lori vipande vya ukubwa wa daftari, wakavipanga vitatu vitatu chini ya kila kona, na kati ya fremu na sakafu hapakubaki chuma hata kimoja kinachogusa. Boliti bado zipo, nane zilezile, ila sasa zinakaza mashine kwenye fremu, na fremu imekalia mpira. Mwalimu alikuwa amemweleza: zege hupokea mtetemo na kuupitisha, mpira hupokea, ukanepa, ukaula ndani kwa ndani hadi ukabaki joto dogo.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Mashine aliwasha huku amesimama mbali na ngumi yake imeinuliwa tayari. Mashine ilijinyoosha, ikatikisika kama ng'ombe anayefukuza inzi, ikatulia. Mkanda haukutoka. Alikwenda mbio darasani. Ule mvumo mnene, unaotokana na mota inayozunguka mara ishirini na nne hivi kwa sekunde, haukuwepo tena chini ya viatu. Lakini kulikuwa na kitu kingine, sauti nyembamba, kali, ambayo siku zote ilikuwa imefunikwa na ule mvumo.

"Hiyo nini tena?" akasema, karibu kulia.

"Hizo ni nyundo za ndani ya kinu," akasema mwalimu. Siku tatu za kunong'ona zilikuwa zimemrudishia nusu ya sauti. "Zinapiga mara nyingi sana kwa sekunde. Mitetemo ikiwa mingi, sauti huwa nyembamba. Ikiwa michache, huwa nene. Na hii haitoki sakafuni. Inakuja kwa hewa."

"Hewa gani, na hapa ni ukuta?"

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. Si kuomba kujibu, alielekeza juu. Ukuta wa matofali uliishia chini ya boriti. Kati yake na mabati kulikuwa na uwazi wa futi moja na nusu, kutoka upande mmoja wa jengo hadi mwingine, na kupitia pale ulionekana mwanga wa taa ya chumba cha mashine. Trei za mayai zilikuwa zimepangwa kwa uangalifu mkubwa hadi mahali ngazi ilipofika, na ngazi haikufika pale.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Ilibaki saa moja na nusu.

Kitu ambacho msagaji hakosi ni pumba. Wateja waliokuwa kwenye foleni waliacha ndoo zao na kushika sindano za magunia. Mifuko ilijazwa, ikashonwa, ikapandishwa kwa meza juu ya meza, shemeji akiwa juu kabisa akiipokea na kuisukuma kwenye uwazi, mmoja baada ya mwingine, bila kuacha tundu.

"Ijaze vizuri hiyo!" mama mmoja wa foleni alimpigia kelele. "Debe tupu haliachi kuvuma!"

"Unanisema mimi au mfuko?"

"Atakayejisikia!"

Mifuko ishirini na saba iliingia. Mfuko wa mwisho ulikuwa bado unasukumwa wakati Mwalimu Mkuu alipoingia uani na daftari lake.

Bi Mashine hakwenda kusikiliza. Alirudi kwenye mashine, akamimina nafaka, akasaga, kwa sababu sharti lilikuwa kwamba isage. Ndani ya chumba chake kelele ilikuwa ileile ya miaka yote. Hakuna kilichomwonyesha kama upande wa pili wanasikia au hawasikii. Alisaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake wa foleni walimtazama mikono, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inaongea.

Darasani, Mwalimu Mkuu alikaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamegusa mbao. Mashine ilisikika, wala hakuna aliyedai imenyamaza; ilisikika kama mvua inayonyesha mtaa wa mbali. Mwalimu alisoma sentensi ya kwanza. Kalamu ya Mwalimu Mkuu iliandika. Ya pili. Ya tatu. Wanafunzi walikuwa wanaandika pia, bila kuambiwa, na hakuna aliyekohoa. Ilipofika ya kumi, Mwalimu Mkuu alichukua karatasi ya mwalimu, akailinganisha na daftari lake neno kwa neno, kidole kikitembea polepole.

"Nane," akasema.

Darasa lililipuka. Yeye aliinua mkono hadi wakanyamaza.

"Na hizo mbili nilizokosa si za mashine," akamwambia mwalimu. "Ni zako. Ukikaribia mwisho wa sentensi unameza maneno. Jirekebishe."

"Nitajirekebisha, mwalimu."

Alipofika mlangoni kwa Bi Mashine, alisema jambo, na Bi Mashine hakulisikia. Akalirudia. Bi Mashine aliweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa. Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyesimamia shule miaka kumi na moja bila kuongea kwa vidole, akainua vidole vinane juu, vinne kila mkono, kisha akaelekeza sakafu ya chumba na kukanyaga mara moja kwa nguvu: hapa, ubaki.

Bi Mashine hakuzima. Nafaka ilikuwa bado juu ya kinu, na kuzima nafaka ikiwa juu huziba kinu. Alijifuta uso kwa mkono wenye unga, ukabaki mweupe upande mmoja, akamwonyesha Mwalimu Mkuu kiganja kilicholala. Subiri. Kisha akainama, akaivuta ndoo iliyofuata kwenye foleni.